Huzuni ya Mzee na Nuru ya Akili Yake

Hotuba iliyosomwa mbele ya jumuiya ya Waislamu, Maliba

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu dhaifu, akampa nguvu, kisha akamrudisha katika udhaifu na mvi. Sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.



Katika Sura ya Yusuf mna habari ambayo aghlabu husomwa kwa ajili ya Yusuf mwenyewe, kisima chake na ndoto zake, na msomaji hupita upesi juu ya yule mzee aliyebaki nyumbani. Nabii Yaakub, amani iwe juu yake, alimpoteza mwanawe akalia hata macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Miaka ikapita. Siku msafara ulipoondoka Misri umechukua kanzu ya Yusuf, mzee aliwaambia waliokuwa karibu naye kwamba anaisikia harufu ya mwanawe. Na papo hapo akatia neno la kujihami, kwa kuwa alijua watamdhania amepungukiwa na akili. Wafasiri wameeleza kuwa neno alilolitumia ni lile la kumhesabu mtu amepotewa na fahamu kwa sababu ya ukongwe. Nao wakamjibu vile vile alivyotazamia, ya kuwa bado yumo katika upotofu wake wa zamani. Kumbe katika nyumba nzima hapakuwa na aliyeyajua mambo kwa ukweli wake ila yeye.

Basi laulizwa swali katika baraza hili: hapa Maliba, na kule Bwera, na katika vijiji vyote vya mlimani, ni wazee wangapi waliochukua huzuni ya Yaakub, ambao jamaa zao wamekwisha kukata hukumu kwamba ni uzee tu?

Yafaa kukumbuka mzee wa nchi hii amepita wapi. Aliyezaliwa mwaka 1945 chini ya Ruwenzori alikuwa kijana wa miaka 17 vuguvugu la Rwenzururu lilipoanza mwaka 1962, na wengi walilala porini na watoto wachanga migongoni. Alikuwa mtu mzima mwenye shamba na watoto waasi wa ADF walipoingia kwa njia ya Mpondwe katika Novemba 1996, watu wakakimbia makwao tena. Alikwisha kuwa mzee Novemba 2016, damu ilipomwagika katika mji wa Kasese na watu zaidi ya 100 wakafa. Mei 2020 Nyamwamba, Mubuku na mito mingine ilifurika ikachukua nyumba, mashamba na makaburi. Na usiku mmoja wa Juni 2023 shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, ilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 40, walio wengi wao wanafunzi. Katika kila msiba kati ya hiyo watu walizika, wakasoma hitima, wakarudi shambani. Kijana ana kesho yake ya kushughulika nayo. Mzee hukaa mlangoni, na wafu wake humjia mmoja mmoja.

Mzee wa namna hiyo huanza kula kidogo. Bundu na sombe huletwa, hurudi kama vilivyokuja. Usiku hapati usingizi, mchana husinzia. Akiitwa haitiki, akiulizwa jina la mjukuu hutaja la mwanawe aliyekufa. Alikuwa wa kwanza kufika msikitini. Sasa husema miguu yamuuma. Watu wa nyumbani hutazamana, husema, “Uzee umeingia,” na tangu siku hiyo hapana anayemwuliza shauri la ng’ombe, wala la mpaka wa shamba, wala la posa ya binti. Hapo ndipo akili yake inapoanza kufa kwa kweli, kwa kuwa imenyimwa kazi.

Madaktari hutofautisha mambo matatu ambayo watu wa kawaida huyachanganya. Kuna upole wa kumbukumbu unaokuja na umri: mtu husahau alipoweka fimbo, kisha akaikumbuka. Hilo si ugonjwa. Kuna maradhi ya usahaulifu, ambayo Kiswahili cha waganga wa leo huyaita demensia, ambamo ubongo wenyewe huharibika kidogo kidogo, hata mtu asijue njia ya kurudi kwake, asijue moto huchoma, asimjue mkewe. Haya ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine wowote. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyaeleza mbele ya wenziwe mwaka 1906, na aina ile ya maradhi haya huitwa kwa jina lake hata leo. Na kuna jambo la tatu, nalo ndilo kiini cha maneno haya: huzuni iliyozidi ikageuka kuwa maradhi, ambayo waandishi wa siku hizi huiita sonona. Kwa mzee, huzuni hii mara nyingi haiji na machozi. Huja na usahaulifu, uzito wa ulimi na kutojali, ikavaa nguo za demensia hata mtu asiye mjuzi asiweze kuzitenganisha. Lakini tofauti yake ni kubwa mno. Demensia haijapatiwa dawa ya kuiondoa. Huzuni yatibika, na ikitibika, akili aliyodhaniwa mzee kuwa ameipoteza yaweza kumrudia.

Wanaosema ni uzee tu na wapewe habari za Hai, katika mkoa wa Kilimanjaro, Tanzania. Mnamo 2009 na 2010 madaktari walizunguka vijiji vya wilaya hiyo wakawapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi; watu wa migomba na kahawa kama wa hapa, wengi wao wenye elimu ndogo ya shule. Hesabu ilipokwisha kusawazishwa kwa umri, wenye maradhi ya usahaulifu walikuwa kiasi cha 6.4 katika kila 100. Na itazamwe hesabu hiyo kwa upande wa pili: zaidi ya 90 katika 100 hawakuwa nayo. Lau usahaulifu ungekuwa ndio uzee wenyewe, ungewapata wote kama mvi zinavyowapata wote. Hata hivyo jamaa za wagonjwa walipoulizwa, wengi walijibu neno lile lile lisemwalo hapa, kwamba ni umri.

Kisha huko huko Hai likafanywa jambo jingine. Wagonjwa 34 waliwekwa katika vikundi vidogo, wakakutanishwa katika vikao 14. Hapakutolewa kidonge wala sindano. Watu walikaa pamoja, wakasalimiana kwa majina, wakazungumza habari za zamani, wakaimba, wakashika vitu vya nyumbani wakavieleza. Walipopimwa baadaye, fahamu zao zilionekana zimepata nafuu, na wasiwasi wao umepungua. Si kwamba walipona. Lakini walipata nafuu kwa kukaa na watu. Msikilizaji mwenye kutafakari atasema kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa baraza ya wazee chini ya mti, kabla kila mmoja hajaingia ndani na simu yake.

Namna huzuni inavyougusa ubongo yaelezeka bila taabu. Mtu akiogopa, mwili hutia ndani ya damu homoni iitwayo kotisoli, imsaidie kukimbia au kupigana. Ni rehema ya Mwenyezi Mungu ikidumu kwa saa. Lakini hofu na majonzi yakikaa miezi na miaka, homoni hiyo hubaki imepanda, usingizi huharibika, shinikizo la damu huinuka, na ile sehemu ndogo ndani ya ubongo inayoshika kumbukumbu mpya hudhoofika. Ndiyo maana mwenye huzuni aweza kukusimulia vita vya 1962 tangu mwanzo hata mwisho, na asikumbuke alikula nini asubuhi. Tena upweke huzidisha. Ubongo usiosemeshwa hufanana na shamba lililoachwa. Halipotei, bali magugu hulifunika.

Mwaka 2024 kamati ya wataalamu wa jarida la tiba la Lancet, la Uingereza, ilitaja sababu 14 ambazo lau zingezuiwa au kupunguzwa, kiasi cha 45 katika kila 100 ya maradhi haya duniani yangeepukika au kucheleweshwa. Huzuni imo, na upweke umo. Lakini yamo pia shinikizo la damu, ambalo watu huliita presha, na kisukari, na tumbako, na ulevi, na kuumia kichwa, na hewa chafu, na uziwi, na macho yasiyotibiwa, na kukosa elimu utotoni. Muislamu ataona ulevi amekwisha katazwa zamani. Asijisifu upesi, maana katazo la pombe hufuatwa, lakini presha haipimwi, na vijana wapandao pikipiki kuteremka hadi barabara kuu bila kofia ngumu wanajitafutia maradhi ya miaka sitini ijayo. Na juu ya uziwi lazima lisemwe neno zaidi. Mzee asiyesikia vizuri hucheka wengine wanapocheka, hunyamaza wanaponyamaza, na baada ya muda huacha kabisa kukaa na watu kwa aibu. Wao humwona amepoteza akili, naye masikio ndiyo yaliyomzibia mlango.

Sasa, ibada ina nafasi gani katika jambo hili? Hapa ulimi hupenda kuteleza. Wako wasemao kuwa mwenye kuhifadhi Qurani hapatwi na usahaulifu, na kwamba mwenye kudumu katika dhikri hahitaji daktari. Hayo hayana dalili, na humdhulumu mcha Mungu aliyepatwa, kwa kuwa watu wataanza kutafuta dhambi aliyoifanya. Mtume, sala na amani zimshukie, mwenyewe alimwomba Mwenyezi Mungu amkinge na kurudishwa katika umri ulio dhalili, na katika dua zake nyingine akaomba kinga ya wasiwasi na huzuni. Lau lingekuwa jambo lisiloweza kumpata mwema, asingeliombea kinga. Na Qurani, katika Sura ya An-Nahl, imetaja wazi kuwa wako watakaofikishwa umri wa kutojua kitu baada ya kujua.

Lakini si haki pia kuifanya ibada kuwa si kitu. Mtu anayeswali mara tano ana saa tano za siku yake zilizo na jina. Huamka, hutawadha, huinama, husimama, husoma aliyoyahifadhi, tena husoma kwa mpango. Akienda msikitini hutembea, husalimiwa, na asipofika huulizwa. Mwaka 2020 nyumba za ibada katika Uganda zilifungwa kwa ajili ya korona tangu Machi hata Septemba, na zikafungwa tena katikati ya 2021. Kijana alipata mahali pengine pa kukutana na wenziwe, ila mzee ambaye njia yake pekee ya siku ilikuwa kutoka mlangoni hadi mihrabuni alipokonywa njia hiyo. Na katika Sura ya Ar-Raad imeelezwa kuwa mioyo hutulia kwa kumtaja Mwenyezi Mungu. Kutulia huko si neno la kupambia hotuba. Moyo uliotulia hulala usiku, na ubongo wa mzee wahitaji usingizi kama shamba linavyohitaji mvua.

Hekima huokotwa popote. Huko Marekani tangu mwaka 1986 watawa wa Kikristo 678, wenye umri wa miaka 75 na zaidi, walikubali kupimwa akili kila baada ya muda na ubongo wao kuchunguzwa wakifa. Baadhi yao ubongo ulikutwa na alama zote za maradhi, ilhali hadi siku ya kufa walikuwa wakifundisha na kuhesabu na kusema vema. Watafiti walipata dalili kuwa waliozoeza akili tangu ujanani walikuwa na akiba ya kutumia wakati wa upungufu. Ni akiba kama ya nafaka ghalani. Basi mzee wa Maliba aliyehifadhi juzuu mbili tatu utotoni, akajua mashairi, akajua nasaba za koo na bei ya pamba ya zamani, anayo ghala. Lakini ghala lisipofunguliwa nafaka huota wadudu.

Mabedui walipomwuliza Mtume kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, kwani hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila ya dawa yake, isipokuwa mmoja, nao ni ukongwe. Watu huishika sehemu ya mwisho ya hadithi hiyo wakaiacha ya kwanza. Ukongwe hauna dawa, ni kweli. Lakini huzuni si ukongwe, presha si ukongwe, nta iliyoziba sikio si ukongwe, na upungufu wa damu si ukongwe. Mzee aliyebadilika apelekwe kituo cha afya kwanza, na ikibidi hospitali ya Bwera, au Kagando, au Kilembe, aelezwe daktari ni lini alianza kubadilika na ni msiba gani ulitangulia. Hasa akibadilika kwa ghafula, kwa siku mbili tatu, hiyo si demensia ya kungojwa. Yaweza kuwa malaria, au maambukizo, au kiharusi, na kuchelewa ni hatari. Dua isomwe, na gari likodiwe.

Kuna jambo jingine lenye aibu, lakini lazima litajwe. Bibi kizee aliyeacha mlango wazi usiku, akakutwa amesimama karibu na nyumba ya jirani hajui alipo, huyo huitwa mchawi. Katika Usukuma, Tanzania, wanawake wakongwe wameuawa kwa tuhuma kama hizo. Muislamu anayesikia neno hilo likisemwa juu ya mgonjwa akanyamaza, amekwisha kushiriki. Mtume amebainisha kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni aliyepotewa na akili hata akili imrudie. Ikiwa malaika hawamwandikii dhambi, jirani anaandika kwa wino gani?

Kwa hukumu hiyo hiyo, mzee aliyeswali adhuhuri rakaa sita, au akaiswali mara mbili, asikemewe. Akishindwa kufunga, na alishwe maskini kwa kila siku, kama alivyofanya Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, alipozeeka. Na wako watoto wenye desturi mbaya ya kumjaribu baba yao mbele ya wageni: “Baba, mimi ni nani?” Mzee hutafuta jina, halipati, wageni hucheka kidogo, naye hujua kwamba wanamcheka. Kwani kuna ugumu gani kusema, “Shikamoo baba, ni mimi mwanao fulani, nimetoka sokoni”? Jina lake umempa, heshima yake umemwachia.

Ajabu moja wauguzi huiona mara kwa mara: aliyesahau jina la mkewe aweza kuisoma Fatiha bila kukosa, kwani yaliyoingia utotoni na kurudiwa maelfu ya mara hukaa mahali pa ndani ambapo maradhi huchelewa kufika. Basi mtoto wa madrasa na akae karibu na babu yake jioni amsomee. Akikosea, babu atamsahihisha, na siku hiyo babu amefanya kazi ya mwalimu. Bibi na aulizwe namna ya kukausha mihogo, au jina la mti fulani kwa Kikonzo. Asiulizwe kwa kumfurahisha, bali kwa haja, maana yako mengi anayoyajua ambayo akifa hakuna wa kuyauliza.

Sura ya Al-Israa imekataza hata ule mguno wa kuchoka mbele ya mzazi aliyefikia uzee, tena imetaja uzee huo kuwa kwako, yaani nyumbani mwako. Si katika kibanda nyuma ya jiko. Lakini hapa haki yataka neno la upande wa pili. Anayefua shuka usiku aghlabu si mwana mwenye kusifiwa msikitini kwa kumtunza mama yake. Ni mkwe, au binti aliyeachishwa shule. Naye hupata huzuni yake, na hakuna amwulizaye. Ndugu waume wakigawana mashamba wasisahau kugawana na zamu za usiku.

Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 wa Hijra, Abu Bakr alimleta baba yake, Abu Quhafa, mkongwe kipofu mwenye mvi tupu, mbele ya Mtume. Mtume akasema lau mzee angeachwa nyumbani, yeye mwenyewe ndiye angemwendea. Na baada ya Mtume kufariki, Abu Bakr na Umar walikwenda kumzuru Ummu Ayman, mlezi wake, kama alivyokuwa akimzuru. Bibi akalia, wakamwuliza kwa nini, akawaeleza kuwa analia kwa kukatika wahyi. Hawakumwambia anyamaze, wala kwamba ni uzee. Walikaa wakalia pamoja naye.

Tena kulikuwa na mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Mtume hakumwona, akauliza, akaambiwa amekwisha kufa na kuzikwa, hawakuona ni jambo la kumjulisha. Akaomba aonyeshwe kaburi, akamsalia huko. Kila msikiti wa mlima huu una mahali penye mkeka wa mzee ambaye haonekani tangu Ramadhani. Baada ya sala ya Ijumaa, na hesabiwe nani hayupo. Kijana mwenye pikipiki amfuate wa karibu, na walio na jamaa Bwera wawaulize wazee wa huko kwa simu. Anayekwenda kumzuru asiende na maneno mengi. Akae upande wa sikio linalosikia, amwambie jina lake, amwulize habari za aliowazika, kisha anyamaze amsikilize hata amalize.

Wabillahi tawfiki. Wasalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.